Kirusi hakisomwi kama kilivyoandikwa

Wanaojiandaa kwenda Urusi kusoma nawasikia wakiambiwa hivi: kamata zile herufi 33, basi umemaliza, maana Kirusi eti husomwa kama kilivyoandikwa, sawa na Kiswahili chetu. Jamani, hapana. Herufi unaweza kuzijua kwa wiki moja. Kazi inaanza baada ya hapo.

Chukua neno няня. Linasomwa "nyanya", ila kwao ni yaya wa kulea mtoto, sio nyanya ya mchuzi. Sisi tumetumia herufi sita, wao nne tu. Wamefanyaje? Sisi tunaongeza y baada ya n. Mrusi haigusi n, anabadilisha irabu inayofuata: на ni "na", ня ni "nya". Ndio maana irabu zao zinakwenda mbili mbili: а na я, о na ё, у na ю, э na е, ы na и. Ukiona ile ya pili ujue konsonanti iliyotangulia kwa kawaida ni laini. Лук ni kitunguu, люк ni tundu lenye mfuniko, kama yale ya maji machafu barabarani. Na kama hakuna irabu mbele? Wanaweka ь, ambayo yenyewe haina sauti: брат ni kaka, брать ni kuchukua.

Mpaka hapo mimi nawavulia kofia, ni mpango wa akili sana. (Kabla ya mageuzi ya 1918 kila neno lililoishia na konsonanti ngumu lilibandikwa ъ, nayo haina sauti. Wino ulikwenda bure!)

Balaa ni mkazo. Kwetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha maneno machache kama barábara ya "sawasawa". Kwao unakaa popote, na hauandikwi isipokuwa kwenye kamusi na vitabu vya wanaojifunza. Sasa o isiyo na mkazo inageuka kuwa karibu na a. Молоко, yaani maziwa, ina o tatu lakini utasikia "malakó". Москва ni "Maskvá". Замок yenye mkazo mwanzoni ni ngome, mwishoni ni kufuli. Utajuaje? Kwa sentensi yenyewe, au uwe unalijua neno tayari.

Halafu kuna ё, "yo". Kwa kanuni za 1956 nukta zake huachwa kwenye maandishi ya kawaida, msomaji ajaze mwenyewe. Ndivyo dunia ilivyomwita Gorbachev mtu ambaye kwao ni Горбачёв, "Garbachóf". Gazetini haina neno, lakini kwenye hati ni kesi. Wapo Warusi waliohangaika kuthibitisha kuwa mwenye е kwenye cheti cha kuzaliwa na mwenye ё kwenye pasipoti ni mtu yule yule.

Na wewe unayekwenda, angalia jina lako. Herufi ya j yetu hawana, kwa hiyo Juma anaandikwa Джума, na likirudishwa kwenye herufi zetu linaweza kutoka Dzhuma. Hassan anaweza kuwa Хассан kwenye karatasi moja na Хасан kwenye nyingine. Viza, tafsiri ya pasipoti, cheti cha chuo: vilinganishe herufi kwa herufi siku ile ile unapokabidhiwa, kabla hujaondoka dirishani.