Kutu na Jinsi ya Kuizuia

Bila shaka umekwisha kuona jembe lililoachwa nje wakati wa mvua. Baada ya siku chache uso wake hufunikwa na unga wa rangi ya kahawia nyekundu. Unga huo ndio kutu. Kutu hula chuma kidogo kidogo mpaka hubaki chembamba, kisha hutoboka.

Kaskazini ya mji wa Dodoma liko bonde la Makutupora. Visima virefu vya bonde hilo huupatia mji maji. Mitambo na mabomba ya chuma yakiliwa na kutu hutoboka, na maji hupotea kabla ya kuwafikia watu. Katika nchi yenye mvua chache, hasara hiyo ni kubwa.

Jaribio: Ni nini kinacholeta kutu?

Chukua misumari minne mipya na chupa nne.
Chupa A: Tia msumari mkavu, kisha funga chupa vizuri.
Chupa B: Tia msumari, ujaze maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha mimina mafuta juu yake ili hewa isiingie.
Chupa C: Tia msumari na maji kidogo, yaufunike nusu tu.
Chupa D: Fanya kama C, lakini tia chumvi katika maji.

Tazama misumari baada ya juma moja. Misumari ya A na B haina kutu, au inayo kidogo sana. Ule wa C umeshika kutu, na ule wa D kwa kawaida umeshika kutu zaidi.

Kwa hiyo tunajifunza kwamba chuma hushika kutu kinapopata maji pamoja na oksijeni iliyomo hewani. Chumvi huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana chuma kilicho pwani, kama vile Tanga, huharibika upesi kuliko kilicho Dodoma wakati wa kiangazi.

Kupaka rangi

Tukizuia maji na hewa visikiguse chuma, tumezuia kutu. Fundi hufuata hatua hizi:
1. Huondoa kutu yote kwa brashi ya waya au msasa. Kutu ikibaki, rangi hubanduka pamoja nayo.
2. Huondoa mafuta na vumbi, kisha hukausha chuma.
3. Hupaka rangi ya msingi, iitwayo praima. Praima hushikamana na chuma, na nyingine zina dawa ya kuzuia kutu.
4. Praima ikikauka, hupaka rangi ya juu mara mbili. Rangi hii huikinga praima na mvua na jua.

Angalia! Baadhi ya praima zina sumu. Usivute mvuke wala vumbi lake.

Ndege nazo huliwa

Sehemu nyingi za ndege hutengenezwa kwa alumini. Alumini haishiki kutu nyekundu, kwa maana hewa huifanyia ngozi nyembamba inayoikinga. Lakini alumini ya ndege mara nyingi huchanganywa na shaba ili iwe na nguvu, na mchanganyiko huo huliwa kwa urahisi zaidi ukipata unyevu. Hutoa unga mweupe.

Huko Marekani wako watu wanaounda ndege ndogo kwa mikono yao wenyewe. Wengi wao hupaka praima kila kipande kabla ya kukiunga na kingine, kwa sababu bawa likisha kufungwa, brashi haiwezi kufika ndani.

Tarehe 28 Aprili 1988, ndege ya abiria aina ya Boeing 737 ilikuwa ikiruka baina ya visiwa vya Hawaii. Sehemu ya paa lake iling'oka angani, na mhudumu mmoja akafa. Marubani waliitua ndege, na watu wengine 94 wakaokoka. Wachunguzi waligundua kwamba maungio ya mabati yake yalikuwa yameachana na kuliwa, na nyufa ndogo zilikuwa zimeenea bila kuonekana na wakaguzi.

Maswali

1. Taja vitu viwili vinavyohitajika ili chuma kishike kutu.
2. Kwa nini mafuta yalimiminwa katika chupa B?
3. Kwa nini haifai kupaka rangi juu ya kutu?
4. Paka msumari mmoja rangi, ukaukishe, uukwaruze mahali pamoja, kisha uutie katika maji. Kutu itaanzia wapi? Eleza sababu.
5. Kagua majembe ya nyumbani kwenu. Yapanguse udongo, yakaushe na uyapake mafuta kabla ya kuyaweka.