Gurudumu Dogo la Mbele

Kiti cha magurudumu cha kawaida huundwa kwa ajili ya sakafu. Magurudumu makubwa ya nyuma hubeba sehemu kubwa ya uzito, na mbele huwekwa mawili madogo yanayogeuka kila upande ili kiti kizunguke mahali finyu, kama kati ya kitanda na mlango. Kwenye vigae vya hospitali hakuna cha kulaumu. Kiti hicho kikitoka nje, vigurudumu vile vile ndivyo vinavyoleta balaa: mchangani huzama, kwenye changarawe hukwama, na vikigonga jiwe la ukubwa wa embe, kiti husimama ghafla huku aliyekikalia akiendelea na safari. Vifaa vingi vya michezo ya nje kwa watumiaji wa viti vya magurudumu vimezaliwa na jitihada ya kuliepuka gurudumu hilo dogo.

Njia rahisi ni kufunga gurudumu moja kubwa zaidi mbele ya kikanyagio cha miguu, na yale madogo yakabaki yakining'inia hewani. Gurudumu kubwa hupanda juu ya kile ambacho dogo hukigonga, na kiti kikirefuka hakipinduki mbele upesi. Ufukweni hutumiwa matairi manene mithili ya maboya, yenye upepo kidogo, ili uzito utandazwe juu ya mchanga. Viti vingi vya aina hiyo, hata hivyo, haviendi bila msukumaji, na hapo mchezo huwa umekwisha, yamebaki matembezi.

Baada ya gurudumu linakuja suala la nguvu. Kusukuma ringi kwa viganja kwenye mlima huyachosha mabega mapema. Baiskeli ya mkono hutatua hilo kwa cheni na gia: pedali huwekwa usawa wa kifua, nayo mikono yote miwili huzizungusha kwa pamoja. Mbio zake ziliingia katika Michezo ya Paralimpiki mwaka 2004 huko Athens. Suluhisho jingine lina asili Afrika Mashariki. Mwaka 2005 Amos Winter, mwanafunzi wa uhandisi wa chuo cha MIT cha Marekani, alifika Tanzania kuchunguza viti vya magurudumu, akaona jinsi barabara za vumbi zinavyovishinda. Kiti walichobuni yeye na wenzake huendeshwa kwa vyuma viwili virefu vinavyosukumwa mbele na kurudishwa. Mlimani, mtu hushika juu karibu na ncha ili apate nguvu. Kwenye tambarare, hushika chini ili apate kasi. Hivyo gia ni mkono wenyewe unaopanda na kushuka. Sehemu zinazozunguka ni za baiskeli ya kawaida, kwa hiyo fundi wa kijijini huweza kukitengeneza kiti hicho. Majaribio katika Kenya, Uganda na Tanzania yalionyesha kwamba kiti cha mwanzo kilikuwa kizito na kipana mno kwa matumizi ya ndani, kikapunguzwa. Baadaye kiti cha mfumo huo huo kiliuzwa Marekani kwa watu wanaopenda kupanda vilima na kutembea misituni.

Mahali ambapo mabadiliko ya kifaa yanaonekana kwa takwimu ni kwenye marathoni. Mwaka 1975 Bob Hall, aliyeugua polio utotoni, aliomba kushiriki mbio za Boston akiwa kwenye kiti. Mkuu wa mashindano alimwahidi cheti endapo angemaliza chini ya saa 3, naye akamaliza kwa saa 2 na dakika 58. Mwaka 2024, katika mbio hizo hizo, Mswisi Marcel Hug alitumia saa 1, dakika 15 na sekunde 33. Mazoezi yamechangia, ila kiti chenyewe si kile tena. Cha leo kina magurudumu matatu, lile la mbele likiwa limesogezwa mbali. Ya nyuma yameinama, juu yakikaribiana na chini yakiachana, ili kiti kisiyumbe. Ringi za kusukumia ni ndogo, na mkimbiaji hazishiki: huzipiga kwa glavu ngumu. Gia na cheni haziruhusiwi. Kwa mbio za uwanjani, kiti kina kijichuma ambacho hupigwa kofi mara moja kabla ya kona ili gurudumu la mbele lifuate mviringo wa njia, kisha hupigwa tena kona ikiisha. Anne Wafula Strike, mzaliwa wa Kenya, aliiwakilisha nchi hiyo katika mbio za viti huko Athens mwaka 2004.

Kifaa kizuri bado huharibiwa na ukaaji mbaya. Mtu aliyeumia uti wa mgongo karibu na shingo hana misuli ya kiwiliwili ya kumsimamisha, hivyo mikanda na mgongo mrefu wa kiti humfanyia kazi hiyo. Ngozi isiyohisi maumivu huweza kuchubuka na kuwa kidonda bila mwenyewe kujua, kwa hiyo mto wa kukalia si anasa. Tena mtu huyo hatoki jasho ipasavyo. Juani, chupa ya kujinyunyizia maji ni kifaa cha michezo kama tairi.

Kwenye theluji kiti huwekwa juu ya ski moja yenye shokamzoba, na mikononi hushikwa magongo mafupi yenye ski ndogo nchani. Majini, mtumbwi huongezewa maboya ya pembeni, kanuni ambayo mvuvi wa ngalawa wa pwani hahitaji kufundishwa. Huko mkanda unaosaidia nchi kavu hugeuka hatari: mpiga kasia hafungwi chomboni, maana mtumbwi ukipinduka lazima aweze kutoka.

Kilimanjaro ndipo mipaka ya vifaa hivi ilipoonekana. Mwaka 2009 Mmarekani Chris Waddell, aliyepooza kwa ajali ya ski, alifika kileleni kwa baiskeli ya mkono ya magurudumu manne. Palikuwa na kipande kifupi cha mawe makubwa ambapo hakuna gurudumu ambalo lingepita, na hapo wapagazi walimbeba.

Chini ya mlima huo, mjini Moshi, chuo cha TATCOT kimewahi kufundisha mafundi wa viti vya magurudumu. Anayetaka kumwagiza fundi wa mtaani naye aanze na futikamba kabla ya vyuma: upana wa nyonga, urefu wa paja, na umbali kutoka goti hadi unyayo. Kiti kikizidi upana kwa vidole vichache tu, mwili huteleza kila ringi inaposukumwa, na nguvu hupotea kabla ya kufika kwenye tairi.