HOTELI: NENO MOJA, MAANA MBILI

Chukua mfano huu. Mzee mmoja ametoka Makunduchi kuja mjini. Njaa inamuuma. Anapita Shangani, katika Mji Mkongwe, anaona kibao kimeandikwa HOTEL. Anakisoma mwenyewe, anafurahi. Anaingia, anaagiza chai na maandazi. Akimaliza analetewa hesabu. Loo! Hata nauli ya kurudia haibaki.

Je, mzee alikosea kusoma? Hapana, alisoma sawasawa. Kilichomponza ni maana ya neno.

Sisi tukisema hoteli, mara nyingi twataka kusema mahali pa kula. Kenya husema hivyo pia, na hata India. Lakini kwa Waingereza, hoteli ni nyumba wanayolala wageni kwa malipo. Chai ya huko bei yake ni nyingine.

Neno hili asili yake ni Kifaransa. Wafaransa nao walilipata katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Warumi walikuwa na neno "hospes". Maana yake ni mgeni, na pia mwenyeji anayempokea mgeni. Kutoka hapo likaja neno la nyumba ya kupokelea wageni. Wafaransa wakaiita "hostel". Baadaye wakaacha kutamka ile s, ikawa "hôtel". Waingereza wakaliazima, nasi tukalipata kwao.

Kumbe hoteli, hosteli na hospitali ni ndugu wa tumbo moja! Zamani huko Ulaya, nyumba za dini zilipokea wasafiri, maskini na wagonjwa pamoja. Mjini Paris mpaka leo iko hospitali iitwayo Hôtel-Dieu. Na ukiona pameandikwa "hôtel de ville" huko Ufaransa, usiingie kuomba kitanda. Hiyo ni ofisi ya mji!

Basi, neno likisafiri hubadilika. Ukifika mjini usiishie kwenye kibao. Soma na bei, au uliza kabla hujaketi: "Chai bei gani?" Na kijana wako akiahidiwa kazi ya hoteli, naye aulize: Hoteli ya chakula au ya kulala wageni? Kazi gani? Mshahara kiasi gani? Asome mkataba kabla ya kutia saini.

Kuuliza si ujinga.