Gari Lililozaliwa kwenye Fomu

Sisi wakaguzi wa bima huanza na karatasi, boneti baadaye. Kadi inasema injini ni ya ukubwa gani, na iliyomo ndani ni ipi? Hapa Mombasa ninakofanyia kazi nimeshakutana na tofauti za kila aina, na pengine ndiyo maana katika magari yote ya Kimarekani ya miaka ya 1960 nimelipenda Pontiac GTO. Wenzangu hulisifia mbio na mngurumo. Mimi hulisifia ujanja wake wa makaratasi.

Mwanzoni mwa 1963 wakubwa wa General Motors, kampuni mama ya Pontiac, walipiga marufuku matawi yao yote kujihusisha na mashindano ya magari. Pontiac iliumia kuliko wengine. Jina lake lilikuwa limejengwa uwanjani: mwaka 1961 na 1962 magari yake yaliwatoa jasho wapinzani katika mbio za NASCAR. Sasa kijana mwenye vijisenti vyake angeifuata Pontiac kwa lipi?

Mhandisi mkuu wakati huo alikuwa John DeLorean, yule yule ambaye baadaye alitengeneza gari la chuma kisichopakwa rangi, milango ikifunguka kwenda juu. Pamoja na wenzake Bill Collins na Russ Gee walikuwa wakilichunguza Tempest, gari la wastani lenye adabu zake, la kupelekea watoto shule. Collins akaona jambo ambalo fundi yeyote angelifurahia. Injini ya silinda nane ya Tempest ilikuwa ya inchi za ujazo 326, kama lita 5.3. Pontiac kubwa zilibeba ya inchi 389, karibu lita 6.4. Ukizitazama kwa nje, ni pacha. Pistoni zinapanda na kushuka umbali uleule. Kilichotofautiana ni upana wa tundu la silinda, milimita 94 na ushei kwa moja, 103 kwa nyingine. Kwa hiyo injini kubwa ingekaa palepale pa ndogo, kwenye mikono ileile, bila kukata wala kuchomelea.

Tatizo lilikuwa kanuni. General Motors haikuruhusu gari la ukubwa ule kutoka kiwandani na injini inayozidi inchi 330. Lakini kanuni ilihusu modeli. Kuhusu vifaa vya ziada anavyoagiza mteja ilikuwa kimya. Basi GTO halikutangazwa kama modeli. Liliingia kwenye fomu ya maagizo kama nyongeza ya Tempest LeMans, kwa bei isiyofika dola 300: injini ya 389, springi ngumu zaidi, eksozi mbili, gia za mkono zenye wenzo wa Hurst, na boneti yenye matundu mawili ya hewa ambayo, ukiyachungulia, yalikuwa yamezibwa. Pambo tupu!

Pete Estes, meneja mkuu wa Pontiac, aliubariki mpango bila kelele. Frank Bridge wa mauzo hakuamini kuwa kuna atakayelitaka, akakubali magari 5,000 tu. Wakubwa walipokuja kuzinduka, maagizo yalikuwa yameshamiminika. Mwaka huo wa kwanza, 1964, yaliuzwa 32,450, na hakuna mkubwa aliyekuwa tayari kuzirudisha hela za namna hiyo.

Udanganyifu mdogomdogo uliendelea kila upande. Jina waliliazima kwa Ferrari 250 GTO bila hodi. Nembo ya ubavuni iliandikwa lita 6.5, ingawa hata ukikadiria kwa ukarimu hazifiki. Machi 1964 jarida la Car and Driver likaweka GTO hizo mbili kwenye jalada, kana kwamba zimepambanishwa, na kumbe Ferrari haikuwapo siku ya majaribio. Pontiac lenyewe lilitoa matokeo ya kutisha. Miaka mingi baadaye Jim Wangers, mtu wa matangazo aliyelipeleka gari lile, alikiri kwamba chini ya boneti hamkuwa na 389 bali 421, injini ya karibu lita saba. Kwa nje zinafanana, nani angejua? Ningekuwa mimi ndiye mkaguzi, ningelitia saini nikaenda zangu kula.

Hata hivyo gari lilikuwa na nguvu za kweli. Aliyeongeza pesa kidogo alipata kabureta tatu zilizopangwa mstari mmoja. Ukiendesha kwa upole, inafanya kazi ya katikati peke yake na petroli haiishi vibaya. Ukikanyaga hadi chini, zile za mbele na nyuma nazo zinafunguka, mlio unabadilika ghafla kutoka koroma hadi ngurumo, na farasi 348 zinadai njia. Vijana wa Detroit walizifungulia usiku kwenye barabara ya Woodward, taa hadi taa. Kilichonitia hofu mimi ni breki: dramu tupu magurudumu yote manne. Ukizitumia mfululizo zinapata moto na kukuachia maombi.

Mwaka 1966 GTO likawa modeli kamili na kuuza 96,946, kiwango ambacho halikukifikia tena. Kila kampuni ilikuwa imeshaiga. La 1968 lilikuja na kitu ambacho mtu wa kazi yangu hawezi kukipita: bampa laini la Endura, lenye rangi moja na bodi, lililopigwa nyundo kwenye matangazo ya televisheni likarudi kama lilivyokuwa. Mwaka uliofuata likatoka The Judge, la rangi ya chungwa na michirizi, jina likitokana na kichekesho cha televisheni.

Kisha sisi watu wa bima tukaingia. Kampuni za Marekani zilianza kupima nguvu dhidi ya uzito na kumtoza zaidi mwenye gari kali, hasa akiwa chini ya miaka 25, yaani mteja mwenyewe wa GTO. Viwanda vikajibu kwa kuandika farasi pungufu kwenye vipeperushi. Haikusaidia. Sheria ya hewa safi ya 1970 ikaja, mgandamizo wa injini ukashushwa mwaka 1971, na 1972 GTO likarudishwa kuwa nyongeza kwenye fomu. Vikwazo vya mafuta vya Waarabu vya 1973 vilikuta mgonjwa yuko kitandani. La 1974 liliuza 7,058, basi. Jina lilifufuliwa 2004 hadi 2006 kwenye bodi ya Holden ya Australia. Ni gari zuri lakini lilipita kama mgeni.

Leo GTO la 1964 au 1965 ni mali ya watoza, na bandia ni nyingi, kwa kuwa LeMans ya kawaida inageuzwa kwa wikiendi chache za fundi mzuri. Namba ya chesisi ya miaka hiyo miwili haisemi kama gari ni GTO. Lilikuwa nyongeza tu. Mnunuzi makini huagiza kwanza nakala ya ankara ya kiwanda kutoka Pontiac Historic Services, anatafuta humo mstari wa GTO, ndipo anaomba boneti ifunguliwe.