Ufadhili wa utafiti dhidi ya nzige wekundu wa Rukwa

Nzige mwekundu (*Nomadacris septemfasciata*) ni spishi ya nzige inayozaliana katika mbuga za majani zinazofurika kwa msimu, zikiwemo zile za bonde la Ziwa Rukwa, mashariki mwa nyanda za juu za Ufipa na mji wa Sumbawanga. Makala hii inaeleza jinsi utafiti wa kumdhibiti ulivyolipiwa.

Kati ya miaka ya 1930 na 1944 makundi yaliyotoka Rukwa na Mweru wa Ntipa (Zambia ya leo) yalienea sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kusini. Baada ya hapo serikali za kikoloni zilikubaliana kuchangia gharama za shirika moja, lililoanzishwa mwaka 1949 na kuwa na makao Abercorn (leo Mbala), karibu na mpaka wa Tanzania. Kazi yake iliendelezwa na IRLCO-CSA yenye makao Ndola, inayotegemea michango ya nchi wanachama, Tanzania ikiwemo.

Kuvu badala ya sumu

Mwaka 1989, baada ya mlipuko wa nzige wa jangwani uliosababisha sumu nyingi kunyunyiziwa Afrika, ulianza mradi wa LUBILOSA. Wafadhili wake walikuwa Kanada, Uholanzi, Uswisi, Uingereza na Marekani, nao uliendelea hadi 2002. Si kawaida kwa wafadhili kuvumilia muda mrefu namna hiyo. Mshirika mmoja alikuwa taasisi ya IITA. Hans Rudolf Herren, aliyeongoza kazi ya IITA ya kupambana na kidugumaji wa muhogo kwa kutumia nyigu, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

LUBILOSA ilizaa dawa iitwayo Green Muscle. Ni spora za kuvu *Metarhizium acridum* zilizochanganywa katika mafuta. Spora ikigusa nzige huota, hupenya ngozi yake ngumu na kumuua baada ya wiki moja hadi tatu. Ndege wakila nzige huyo hawadhuriki, na samaki wa ziwani vilevile wako salama.

Mwaka 2009 FAO iliinyunyizia kwa ndege katika Iku-Katavi, mbuga za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, jumla ya hekta 10,000 hivi. Fedha zilitoka mfuko wa dharura wa Umoja wa Mataifa, CERF. FAO ilisema ilikuwa mara ya kwanza dawa ya aina hiyo kutumika Afrika kwa kiwango kikubwa dhidi ya nzige, na kwamba mashamba yanayolisha watu milioni 15 hivi yaliepushwa na hatari.

Hata hivyo fedha za dharura hutolewa nzige wakishaonekana, na kuvu huua polepole: hufaa zaidi kwa tunutu wasio na mabawa kuliko kundi ambalo limeshatua kwenye mahindi. Tena spora ni viumbe hai. Zikikaa kwenye joto hufa, hivyo haziwezi kurundikwa ghalani miaka kumi kungoja mlipuko ujao.