Moto Ule ni wa Nani?

Nikitoka zamu ya usiku, nateremka hapa Ansab, Maskati, kabla jua halijachomoza nyuma ya vilima vya mawe. Taa za barabarani zinafunika nyota. Wakati huo mwanangu wa miaka sita bado amelala kwa bibi yake Morogoro, nami hukumbuka mchoro mmoja niliouona Ujerumani.

Nilikuwa nasomea shahada ya uuguzi Uingereza, na rafiki niliyesoma naye stashahada nyumbani akanialika Munich. Jumapili moja tuliingia makumbusho ya Alte Pinakothek, kwa sababu siku hiyo kiingilio kilikuwa euro 1 tu. Kati ya michoro mikubwa kama ukuta kulikuwa na kimoja kidogo, sentimita 31 kwa 41, ukubwa wa sinia ya chai. Kilichorwa kwa rangi za mafuta juu ya bati la shaba mwaka 1609, sanaa ya Baroko ilipokuwa bado changa. Kinaitwa Kukimbilia Misri.

Kisa chake kimo katika Injili ya Mathayo, sura ya 2. Yusufu anaonywa ndotoni kwamba Herode anataka kumwua mtoto, anaamka, anamchukua mtoto na mama yake, na wanaondoka usiku uleule kuelekea Misri. Ni safari ya wakimbizi, na wanakokimbilia ni Afrika yetu.

Mchoraji, Adam Elsheimer, naye alikuwa mhamiaji. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1578, akaenda Venice, kisha Roma, na huko akafariki mwaka 1610 akiwa na miaka 32 tu. Katika mchoro wake hakuna malaika angani. Karibu kila kitu ni giza: miti mizito, maji yaliyotulia na mbingu iliyojaa nyota, pamoja na ule utepe mweupe uitwao Njia Nyeupe. Mwaka 1610 Galileo alitangaza kwamba utepe huo, ukitazamwa kwa darubini, ni nyota nyingi mno. Wataalamu bado wanabishana kama Elsheimer naye aliwahi kuchungulia darubini.

Familia yenyewe ni ndogo katikati ya giza hilo. Maria yuko juu ya punda na mtoto, Yusufu anatembea kando na mwenge. Kulia kuna mwezi na kivuli chake majini. Kushoto, wachungaji wamekoka moto, mifugo yao ikiwa karibu.

Siku ile niliwatazama wale watatu tu. Nilikuwa nimemwacha mwanangu akiwa hajatimiza miaka miwili, na nilimwonea Maria wivu. Yeye alikimbia na mtoto wake kifuani.

Miaka ikapita, nikapata kazi Maskati. Jirani yangu hapa Ansab ni bibi aliyeondoka Unguja akiwa msichana, baada ya mapinduzi ya 1964. Jioni moja, tukinywa kahawa kwa tende, nilimsimulia mchoro ule. Sikumwonyesha kwenye simu. Kwake manabii hawachorwi, na Bibi Maryamu na Nabii Isa anawaheshimu sana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Na ule moto, mwanangu, ni wa nani?"

"Wa wachungaji, bibi."

"Wanawajua hao wageni?"

"Hawawajui."

Akanimiminia kahawa nyingine. "Sisi tulipofika, tulipikiwa na watu tusiowajua."

Usiku huo nilifungua picha tena. Kumbe familia ile inaelekea kushoto, kule kwenye moto. Mwenge wa Yusufu unatosha hatua chache tu. Mbele kuna moto waliouwasha wengine. Nikakumbuka wiki yangu ya kwanza hapa, bibi huyu alipogonga mlango akiwa na bakuli la wali wa nazi, akisema, "Nimesikia unazungumza Kiswahili."

Ukitaka kuwaonyesha watoto mchoro huu, usianze na historia. Waambie watafute mianga yote, kisha waulize upi ni wa wageni na upi ni wa wenyeji.

Mimi nitafanya hivyo Desemba. Mwanangu anakuja likizo, mara yake ya kwanza. Nimemwahidi kumpeleka kwenye mabwawa ya Ansab kuona ndege wahamao, na bibi jirani ameshauliza mtoto anapenda kula nini.