SEMINA ISIWE CHUMBA CHA KULALA!

Hebu ikumbuke semina ya mwisho uliyohudhuria. Soda unaikumbuka, sambusa unazikumbuka, na yule jamaa wa viti vya nyuma aliyekuwa akikoroma humsahau. Lakini mada? Hapo kimya!

Usijilaumu, mshikaji. Semina nyingi mjini hupangwa kwa kuanzia kwenye ukumbi, mgeni rasmi na sufuria la pilau. Mshiriki anakumbukwa mwisho, wakati wa kuhesabu viti. Kwa hiyo wewe ambaye kikundi chenu kimepata vijisenti na mnataka kuwaita watu wa mtaani kwa mafunzo ya siku moja, sogea karibu, usije ukaumbuka.

Kwanza elewa kitu kimoja. Mama lishe akija kwenye semina yako, jiko lake siku hiyo limelala. Dereva wa bodaboda akija, hesabu ya tajiri inamsubiri palepale jioni. Hata kama hakuna kiingilio, hao wamekwishakulipa. Ukiwapotezea siku, umewaibia.

ANZIA MWISHO

Kabla hujashika simu kutafuta ukumbi, jiulize: kesho yake asubuhi mtu huyu atafanya nini ambacho jana alikuwa hawezi? "Kupata uelewa wa ujasiriamali" si jibu, hiyo ni lugha ya kuombea hela. "Ataandika mapato na matumizi ya siku kwenye daftari, ajue faida yake." Naam, hilo ndilo jibu! Ukishalipata, kila kisicholisaidia kipige chini, hata kama ni hotuba ya mtu mzito.

Wazee wetu walilijua hili. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikutana kwenye vikundi vyao, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu, halafu wakajadili wenyewe: hapa kwetu hali ikoje, na tufanye nini? Siri ipo kwenye hilo swali la mwisho. Watu hawakupiga makofi wakaagana. Walichimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba.

RATIBA YENYEWE

Tuchukue hiyo semina ya daftari.

Saa 3 asubuhi: Panga viti watu watano watano, siyo mistari kama darasani. Kila mtu amweleze jirani yake jana aliuza nini na akabaki na shilingi ngapi. Ndani ya dakika 10 ukumbi umechangamka, na wengi watagundua kwamba hawajui walibaki na ngapi. Umeshapata pa kuanzia.

Saa 3:30: Mtoa mada, dakika 20, siyo lisaa lizima. Mfano mmoja tu ubaoni: mauzo 60,000, vitu vya sokoni 42,000, mkaa 5,000, nauli 3,000, kilichobaki 10,000. Basi, akae.

Saa 4: Kila mtu daftari mkononi, aandike hesabu ya kwake mwenyewe. Nyie waandaaji zungukeni mkisaidia. Hapa ndipo semina ilipo, msipakatishe kwa haraka. Kisha chai.

Saa 5: Vikundi vijadili yanayowasumbua: wateja wa mkopo, na hela ya biashara kuingia kwenye mboga ya nyumbani. Waulizane wanavyofanya. Mama aliyekaanga chapati miaka 15 anajua mambo ambayo mtoa mada wako hajawahi hata kuyaota.

Saa 8 mchana: Hapa ndipo penye kimbembe, maana pilau limeshashuka tumboni. Ole wako ulete mhadhara! Leta maigizo: mmoja awe mteja sugu wa mkopo, mwingine muuzaji anayemkatalia bila kumtukana. Aliyekuwa anasinzia atacheka mpaka machozi.

Saa 9: Kila mmoja aseme kwa sauti atakachoanza nacho kesho, kisha achague mwenzake wa kumkumbusha. Baada ya wiki mbili wakutane tena kwa saa moja, hata chini ya mwembe, na madaftari yao.

POSHO NA MGENI RASMI

Nauli na chakula mpe mtu, ni haki yake, na mtangazie mapema. Lakini ukiifanya posho kuwa chambo, utanasa wawindaji wa posho, huku wenye shida ya kweli wakikosa viti. Mgeni rasmi naye mwalikeni mchana, aje asikilize hayo madaftari yanasema nini, apewe dakika zake tano. Akichelewa, msimngoje. Wenye siku yao ni wale waliofunga vibanda.

Vyeti gawa ukipenda, vinapendeza ukutani. Ila usiwaulize watu mlangoni kama semina ilikuwa bomba. Watakujibu ndiyo, maana wana adabu zao na wanawahi daladala. Subiri mwezi upite, nenda kwa mama lishe, agiza chai na chapati mbili, kisha chungulia kama lile daftari bado lipo karibu na jiko, na kama ukurasa wa jana umeandikwa.